Viti Visivyo na Adabu

Kila asubuhi kabla ya chai, Imakulata hulipangusa gari la baba yake vumbi. Lakini mara moja kwa mwaka, mvua zikikatika na matope ya Ntalikwa yakikauka, hulisafisha ndani na nje mpaka ling'ae. Jumamosi hiyo alikuwa amekwisha kuvifungua viti vya mbele, akaviegemeza ukutani na kuvifunika kanga visipauke kwa jua. Alikuwa akikung'uta maganda ya karanga kwenye zulia, baba yake, mzee Leodgar, alipoingia uani kutoka misa ya asubuhi.

Mzee alisimama mbele ya viti. Akangoja.

"Naona mmekaa," akasema. "Hata shikamoo hamna?"

Brashi ya Imakulata ikasimama.

"Ninyi watoto wa nani? Mzee anapita, ninyi mmekaa kama magunia ya mpunga!"

Tunu, mjukuu wake wa miaka minne, akaangua kicheko. "Babu anaongea na viti!"

Mzee akakipapasa kiti kimoja. Kisha naye akacheka, kwa sauti kubwa kupita kiasi. "Si ninawatania, mjukuu wangu!" Akaenda ndani huku kiganja chake kikitambaa ukutani mpaka kikaupata mlango.

Imakulata alibaki ameshika zulia. Alikwisha kumwona akimimina chai pembeni ya kikombe, akaita uzee. Lakini utani wa mzee hauko hivyo. Mzee hadai shikamoo kwa mzaha.

Na baada ya chakula cha mchana, mzee huyo angewaendesha mama na Tunu mpaka Choma, kwenye harusi ya mtoto wa shangazi Advera. Barabara ile ni ya malori.

Akaendelea kuosha, maana hakujua afanye nini kingine. Alipochutama kusugua bampa ya mbele, akakuta nywele nyeusi za mbuzi zimenasa kwenye ufa. Hakuna aliyekuwa amesema habari ya mbuzi. Alizichomoa kidogo kidogo, na sabuni ikamtiririka mpaka viwikoni. Leo mbuzi. Kesho?

Alimkuta mama yake, Adelina, akipiga pasi kitenge.

"Mama," alianza. Kisha, kama kawaida yake, akakwepa. "Mama, taa ya kushoto imelegea."

"Ifunge na waya, mwanangu."

"Na baba... njia ni ndefu."

"Si nitakaa mbele? Nitamwambia."

"Utamwambia nini?"

Mama aliigeuza nguo, akapiga pasi upande uliokwisha kunyooka. "Nitamwambia, basi. Nenda kamalizie gari."

Hapo Imakulata akakumbuka safari zao zote za mwaka huo. *Lori hilo, baba Imakulata. Baiskeli kushoto. Tuta, tuta, tuta!* Mzee alikuwa akiwachekesha watu kwamba ameoa redio isiyozimika. Kumbe haikuwa redio. Yalikuwa macho.

Alirudi uani mbio. Akajaza ndoo, akavimwagia viti maji mpaka sponji ikavimba. Akajaza nyingine. Asingeweza kumwambia baba yake neno lile. Mtu aliyekuwa dereva miaka thelathini, aliyempeleka chuoni kwa gari hilihili akiimba njia nzima. Lakini kiti kikiloa, safari si itavunjika?

"Havijakauka, baba," Imakulata akamwambia mzee alipotoka.

"Tandika nailoni, turudishe. Harusi haingoji viti."

Mzee akavifunga mwenyewe. Vidole vyake viliiendea kila nati bila kukosea, vikaipata, vikaikaza. Imakulata alimshikia spana huku akiuma midomo asilie. Mikono ile ililijua gari lote. Barabara ndiyo iliyokuwa imempotea mzee.

Baada ya chakula, mzee alikaa kwenye usukani, akawasha injini. Mama alikuwa ameinama katikati ya viti akimfunga Tunu mkanda kule nyuma. Imakulata akafungua geti. Badala ya kukaa kando, akarudi akasimama mbele ya boneti, hatua moja tu, na gauni lake jekundu.

Baba yake aligeuza uso upande wa ukuta. "Imakulata! Umeshafungua? Njia nyeupe?"

Mama aliinuka. Akamwona bintiye, akafumbua kinywa. Imakulata akamtikisia kichwa. Mama akakifumba.

"Mama Imakulata, mbona kimya? Njia nyeupe?"

Mama hakujibu. Breki ya mkono ikashuka, ikalia.

Imakulata akaweka viganja vyote viwili juu ya boneti. Bati lilikuwa likitetemeka.

"Si nyeupe, baba," akasema, na sauti yake ikapanda mpaka jirani akachungulia. "Mimi nimesimama hapa, mbele yako. Huoni. Macho yako hayaoni, baba, na mama ndiye anayekuangalizia njia, na sitaki uwaue."