Jaketi Lisilooshwa

Mume wangu Joram ni mbishi, na akishikwa na baridi ubishi wake huwa mara mbili. Kila alfajiri hutoka nyumbani Kaloleni, karibu na ziwa, kwa pikipiki, kreti la samaki nyuma, akapanda hadi milimani Londiani ambako ukungu unakata masikio. Mwaka huu mapafu yalimlaza hospitalini, na daktari akaniambia mimi, si yeye, kwamba baridi ikimwingia tena kifuani sitabaki na mume.

Ndiyo maana tulikwenda soko la Kibuye kutafuta nguo za kupasha joto. Bakari, muuzaji wa mavazi ya pikipiki, alituwekea mbili mezani. Moja ilikuwa kizibao kipya chenye nyaya kifuani na mgongoni. Nyingine ilikuwa jaketi la mitumba, jeusi, zito, nyaya hadi mikononi.

"Hii kizibao unavaa ndani, inakushika mwili," Bakari akasema. "Jaketi nayo inapasha mpaka mikono. Zote zinatumia pawabenki, haisumbui betri ya piki."

Nikataka kizibao. Joram akataka jaketi, kwa sababu mimi nilitaka kizibao.

"Vidole ndio zinakufanga na baridi huko juu, Selpha."

"Sawa, lakini tutaiosha kwanza."

Kwetu nilikozaliwa, Katito, mitumba haivaliwi ikitoka sokoni. Mama alitufundisha: unaiosha, unaianika juani, na mwenyewe wa zamani, popote alipo, unamwambia aende salama. Lakini Bakari akatikisa kichwa.

"Hapana, Mama. Maji ikiingia kwa waya, imekufa."

"Umesikia?" Joram akasema, akalivaa palepale.

Mwanzoni nilifurahi, sitaficha. Alikuwa akirudi bila kukohoa, hata nikaanza kujiona mjinga. Kisha, nikifagia chini ya kitanda, nikaikuta ile pawabenki, betri ya jaketi, imevimba, imejaa vumbi. Nikamuuliza iliharibika lini.

"Kitambo. Jaketi inajipasha yenyewe. Si ni poa?"

Haikuwa poa hata kidogo. Jaketi lilikuwa limening'inia msumarini tangu arudi asubuhi. Nilipoingiza mkono ndani, lilikuwa na joto la mtu aliyelivua sasa hivi.

Nililibeba mpaka uani, nikalizamisha kwenye beseni, nikalisugua kwa hasira huku nikisema maneno ya mama ya kumuaga mwenyewe wa zamani. Maji yakaanza kuwa moto mikononi mwangu. Ndipo Joram akaniita kutoka ndani.

Jua la mchana lilikuwa linachoma mabati, lakini yeye alikuwa amejikunja kitini, meno yakigongana, midomo imegeuka rangi, pumzi ikimtoka kama mvuke wa uji. Kifua kilikuwa kinakoroma.

"Nirudishie," akasema. "Tafadhali, Selpha."

Joram hajawahi kuniomba kitu kwa tafadhali. Nikapiga kelele kuita majirani, hakuna aliyeitika, na macho yake yakawa yanajifumba. Niliogopa lile jaketi, lakini niliogopa zaidi kumzika. Nikamvalisha likichuruzika maji, mkono mmoja, kisha wa pili, nikafunga zipu mpaka kidevuni.

Mkoromo wa kifua ukakatika. Damu ikamrudia usoni. Nikamkumbatia nikilia kwa furaha, nikamuuliza kama amepata nafuu.

Akanitazama kwa adabu ya mgeni, adabu ambayo Joram hakuwahi kuwa nayo, akanishukuru kwa lugha nisiyoijua.