Video ya Mazishi Mpaka Mwisho

"Hivi jirani, ile video ya mazishi uliwahi kuitazama mpaka mwisho?"

Fundi cherehani aliliuliza swali hilo miezi mitatu iliyopita, pini mdomoni, macho kwenye pindo la sketi. Mama Dobi alimjibu kwamba huitazama kila Jumatatu, siku aliyofariki mumewe, tangu dua ya kwanza hadi kaburi linafukiwa.

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo kuna nini tena, shoga? Nitazame watu wakila?"

Fundi akakata uzi kwa meno. "Basi," akasema, na cherehani ikaanza tena kulia.

Mama Dobi hakulitia maanani. Video yenyewe ilikuwepo kwa sababu ya wifi yake aliye ng'ambo, aliyeshindwa kuja kumzika kaka. Familia ikamlipa mpiga picha arushe mazishi mtandaoni, naye wifi alilie huko huko. Video ikabaki kwenye intaneti. Fundi ndiye aliyemtafutia Mama Dobi na kumwekea mahali pa kugusa mara moja tu ikafunguka. Wengine husogeza mbele kwa kidole wakafika wanapotaka. Yeye hapana. Kuiruka dua ya maiti, kwake, kulikuwa sawa na kumruka maiti mwenyewe amelazwa. Chini ya video paliandikwa imetazamwa mara mia nne na kumi na mbili. Namba hiyo ilikuwa ikimfariji. Kumbe mume wangu anakumbukwa, alikuwa akijisemea.

Maana faraja nyingine hakuwa nayo. Siku ile mumewe alianguka uani saa nne asubuhi, upande mmoja umelegea kama kamba mbichi. Mwenye gari katika ukoo alikuwa mmoja, shemeji yake, ndugu wa mumewe, muuza vipuri ambaye wote humwita Nguzo. Mama Dobi alimpigia kwa simu ya mumewe mara kumi na moja. Kimya. Alipopata mkokoteni ilikuwa saa saba, na wa kupakiwa alikuwa ameshapoa.

Msibani Nguzo aliiomba simu ile awaarifu ndugu. Aliirudisha tupu, kama imetoka dukani jana. "Iliingia virusi, shemeji." Kisha akasimama mbele ya wazee, sauti imemkauka: "Laiti ningepigiwa mapema." Hakumtaja mtu, na hakuhitaji. Tangu hapo mama mkwe hagusi hata kikombe cha maji kilichotoka mkononi mwa Mama Dobi. Kwa wageni humtambulisha hivi: "Huyo ndiye aliyemkalia mwanangu bila kumwita mtu mpaka akakata roho."

Mama Dobi alinyamaza, akamwachia Mungu. Usiku na mchana ombi lake lilikuwa moja: huyu mama ajue kwamba nilipiga.

Jumatatu hii alikuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni, simu imeegemea ndoo. Kaburi lilipofukiwa, mikono yake ilikuwa na povu hadi viwikoni, akaiacha video iendelee. Mpiga picha alikuwa ameisimamisha kamera pembeni akaenda kula, asikumbuke kuizima. Ikabaki inakodolea ukuta na viti vya plastiki vilivyopangwa. Sahani zikalia. Halafu nyuma ya viti zikaja sauti mbili. Ya kwanza ni ya mke wa Nguzo.

"Kula basi, utaanguka."

"Niliiona simu yake ikiingia," alisema Nguzo. "Inalia pale mezani, inalia. Nikasema ni yale yale, anataka gari. Nikaigeuza kifudifudi."

"Nani anajua?"

"Hakuna. Simu yake si ninayo mimi?"

"Basi kula."

Mama Dobi akaketi juu ya shuka lililolowa. Akajifuta kidole, akairudisha nyuma kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasikiliza tena. Mungu wangu, akasema, hukulala.

Hakungoja kuanika. Alipopita kibarazani kwa fundi alisimama kidogo. "Kumbe ulijua."

"Ningekwambiaje, dada? Si nilikuuliza?"

"Uliuliza mara moja tu."

Mama mkwe alikuwa mkekani, anachagua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuinua uso.

"Nimekuletea neno ulisikie kwa masikio yako. Halafu unihukumu."

Akaiweka simu juu ya mkeka, video ikiwa palepale udongo wa mwisho ulipokuwa ukisawazishwa. Ukafika ukuta, vikafika viti. Kabla hata sahani haijalia, kidole cha mama mkwe kilishuka kikagusa kioo, kikaisimamisha. Hakikupapasa. Kilikuwa kidole kinachojua mahali.

"Hiyo naijua," alisema.

"Tangu lini, mama?"

"Wiki ile ile. Binti yangu wa ng'ambo alinipigia simu akanielekeza nikaiona. Wote wameiona, hata wajomba."

Mia nne na kumi na mbili.

"Na mwaka mzima unaniita muuaji?"

Mzee yule akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Mwanangu mmoja yuko udongoni. Unataka nimfukie na wa pili? Huyo ndiye anayenilisha. Wewe ni mtoto wa watu, una imani, una mgongo. Nilijua utabeba." Akajikokota hadi mtungini, akachota maji, akamnyooshea kikombe kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni wa heshima. "Haya, kaa mwanangu. Kunywa."

Mama Dobi aliyatazama maji yale yakitulia. Akaichukua simu, akaifuta kwa upindo wa kanga, akavaa kandambili zake mlangoni, akatoka.