Bibi Ubaldina Hakucheka

...na eti aliondoka akicheka, Wilfrido anawaambia wageni kwamba mama aliondoka hapa akicheka, haya hata kidogo hana, na Eneida yuko nyuma ya kundi, jua la Cartagena linamchoma utosini, miguu inamwaka moto, tangu asubuhi wanazungushwa vichochoro vya mtaa wa Getsemaní, mara michoro ya ukutani, mara miavuli iliyotundikwa juu ya njia, mara arepa, vile vimkate vya mahindi vyenye mayai, pale kona, yote kayavumilia kwa sababu Wilfrido, ndugu yake mwenyewe, mtembeza watalii, kamwalika, njoo dada, uone watu wa Bogotá wanavyoupenda mtaa wetu, mtaa wetu!, na sasa kawasimamisha mbele ya nyumba waliyozaliwa, mlango umepakwa samawati, juu yake jina la hoteli, "Bibi Ubaldina aliiuza kwa moyo mkunjufu," anasema, "akaenda kupumzika kwa binti yake"... kupumzika!, kule kwa Eneida, pembezoni mwa mji, chini ya bati, kila jioni akiuliza majirani wako wapi, mbona hawatoi viti nje, na nani alimwambia, mama, ni miezi miwili tu, tunatengeneza paa, utarudi, nani kama si wewe... "Aliwahi kuja kuitazama?" anauliza mama mmoja mwenye kofia pana, "Kila Jumapili," anajibu Wilfrido, bila kupepesa macho, muongo, muongo mkubwa, alikuja mara moja tu, Eneida akimshika mkono, mlinzi akamzuia mlangoni, "Bibi, umeweka chumba?", naye mama, kwa adabu zake zote, "Vyote ni vyangu, mwanangu," wakacheka, wale waliokuwa ndani wakacheka, na ng'ambo ya njia alikuwepo Wilfrido na wageni wake, akawaona, akawageuza wageni wakashika kona nyingine, hakutaka hata kukutana naye macho... na kwenye mazishi ya mama alilia kuliko wote... "Huyu hapa ndiye binti yake," anasema sasa, "mwulizeni, mama alifurahi, si ndiyo, dada?", nyuso zote zinageuka, simu zinainuliwa, kumbe hiki ndicho alichoalikiwa, si kutembea, ni kuitikia kwa kichwa, mara moja tu, na uongo uwe historia ya mtaa, na hasira yake ikatulia, ikawa baridi, ikanyooka, Wilfrido bado anatabasamu, kidevu kinamhimiza aitikie, haya dada, naye Eneida anapita katikati ya wageni hadi mlangoni, anawageukia, "Mama hakucheka," anasema, polepole, maana anataka wasikie kila neno.