Mkanda wa Mwali

Hashiru alikuwa amekaa barazani akinipa mgongo, na dirishani nilikuwa nimetundika khanga ya mama. Khanga ya pili niliibana mlangoni kwa vibanio vya nguo. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua la Mbwawa, hapa Kibaha, limeshaanza kuchoma mabati, na mume niliyeishi naye miaka kumi na minane amefukuzwa sebuleni kwake mwenyewe kwa sababu ya mkanda wa video.

"Nyaya umechomeka sawa?" aliuliza bila kugeuka.

"Sawa."

"Nyekundu kwa nyekundu?"

"Baba Ashrafu, mimi si mtoto."

"Haya. Ukibonyeza, usisimamishe mpaka mwisho."

Sikubonyeza. Nilikaa kwenye mkeka na mkanda mapajani, mzito kuliko nilivyoukumbuka, una vumbi la sanduku kwenye pembe zake. Nilikuwa nimeusubiri miaka kumi na mitano, na sasa naogopa.

Ulirekodiwa Masaki mwaka 1996. Nasema Masaki yetu ya Kisarawe, ya mihogo na mikorosho, si ile ya mabalozi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimevunja ungo, nikawekwa ndani kama wasichana wote wa kwetu, nikafundwa, na siku ya kunicheza ikafika. Mama mdogo Siwema, mdogo wake mama, alikuwa akifanya kazi Dar kwa mtu wa video za harusi. Akaja na kamera ya kubeba begani na betri mbili, maana Masaki hatukuwa na umeme.

Wakubwa walikataa. Somo wangu, Bi Tatu, aliyenifunda, alisema mambo ya ndani hayatiwi kwenye mashine. Mama akaomba. Mama yangu, Mwanahalima, hakuwa mtu wa kuomba. Akinyimwa chumvi alikuwa akila mchuzi chapwa na kusifia. Lakini siku ile nilimsikia kupitia ukuta wa udongo akibembeleza mpaka sauti ikamkauka, na mwisho wakamkubalia kwa sharti: mkanda usionwe na mwanamume yeyote, awe mume, awe mwana, awe fundi. Akaapa mbele yao.

Mwali hainui uso. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na mimi niliishika kuliko wenzangu wote. Kwa hiyo siku yangu mwenyewe niliiona kwa miguu: miguu ya Bi Tatu yenye magaga, miguu ya mama mdogo iliyopakwa hina, miguu ya wasichana wa jirani ikirusha vumbi. Nyimbo sitaziandika hapa. Ninachoweza kusema ni kwamba juu ya sauti zote kulikuwa na sauti ya mama, nyembamba na yenye kicheko ndani yake, ikishika mwanzo wa kila wimbo kabla wengine hawajaupokea.

Baadaye tuliutazama mkanda mara moja tu, nyumbani kwa mama mdogo, Kisarawe mjini, kulikokuwa na umeme. Wanawake walijaa mpaka jikoni, wakacheka, wakanitania. Mimi nilikaa katikati yao nikitazama magoti yangu kwa haya. Kisha mama akaufunga mkanda kwenye khanga, akauweka chini kabisa ya sanduku lake, na hakuna aliyeutaja tena mpaka mwaka 2009 alipofariki, mimi nikiwa nimeshaolewa Kibaha na nina mtoto mmoja mgongoni, nikalirithi lile sanduku.

Mama aliacha picha moja, ile ya kadi ya kupigia kura. Amekunja uso kana kwamba anashitakiwa. Watoto wangu wakiniuliza bibi alikuwaje, nawaonyesha ile kadi, na moyo unaniuma, maana yule si yeye. Yeye alikuwa kwenye mkanda. Nilikuwa na hakika namwona: khanga ya manjano kifuani, mwanya wa meno, kichwa kimeinama upande mmoja anapoanza wimbo. Usiku wa tanga nilijilaza nikaiangalia picha hiyo akilini mpaka adhana ya alfajiri.

Hashiru ni Mhaya wa Bukoba, mtu wa ofisini, na ana ugonjwa wa vitu vya umeme. Alinikuta na deki ya kanda, na mwaka ule wa msiba akaleta deki ya DVD. Wiki ile ile aliniambia, "Lete mkanda wa mama tuuhamishe. Kanda inalika kila ikizungushwa, na hii imeshashika ukungu. Ukiichezesha, iwe mara moja tu, tena ya kuihamisha."

Nilitaka kumwambia kuhusu kiapo. Lakini tulikuwa bado wageni kidogo mmoja kwa mwenzake, na yeye alikuwa ameshanitania mara nyingi kuhusu sisi Wazaramo na ngoma zetu. Nikaogopa kicheko chake. Nikauliza, "Hii DVD ndiyo ya mwisho kwa uzuri?"

"Hapana. Zinakuja diski nyingine, picha safi mara sita."

"Basi tungoje hizo. Kama ni mara moja tu, iwe kwenye kilicho bora."

Ndivyo uongo wangu ulivyoanza, na ulikaa vizuri kuliko ukweli mwingi. Mwaka uliofuata TV ya chogo ilihamia chumba cha watoto, sebuleni ikaingia bapa, na chini yake deki ya zile diski mpya za HD, ambazo Kibaha nzima hukuwa ukizipata ila kwa kuagiza. Hashiru alinunua mbili, moja ya wanyama na moja ya bahari. Tuliona manyoya ya simba moja moja. Akanigeukia, macho yanang'aa. "Sasa?"

"Wanasema HD yenyewe bado haijatulia," nilisema, nikirudia maneno niliyomsikia yeye mwenyewe akiyasema kwenye simu.

Alinitazama kitambo. "Kweli," akasema. "Tungoje."

Tukangoja. Ukaja mwaka wa ving'amuzi, diski zikaanza kuuzwa bei ya maembe, zikaja flashi, ikaja TV kubwa zaidi ambayo Hashiru alisema HD mbele yake ni kama maji ya dimbwi. Kila kipya kilipoingia aliniuliza, na kila mara nilimpa sababu ya kungoja kingine. Akawa ananisaidia kungoja. Alisoma, akauliza mafundi, akaniletea habari jioni wakati wa chai: hii ina kasoro hii, ile itakufa baada ya miaka mitatu. Wivu ukiniingia nilijiuliza kama anamngoja mkwewe au anangoja TV.

Ukweli ni kwamba sikuwa na siku ya kuutazama hata peke yangu. Watoto wangu wote wawili ni wa kiume, na nyumba ilikuwa tupu kwa nadra sana. Na hata ilipokuwa tupu, niliogopa ule mzunguko mmoja. Mtu mwenye kipande cha mwisho cha mkate hali, anakikodolea macho.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, deki ya kanda ilitafuna mkanda wa harusi yetu. Tulikuwa tunawaonyesha watoto wacheke nguo zetu. Picha ikakatika, deki ikakoroma, na Hashiru akaingiza vidole kuvuta ule utepe mweusi uliokwisha kujikunja kama utumbo wa kuku. Watoto walicheka. Mimi nilikimbilia chooni nikalia, na sikulilia harusi.

Kesho yake nilibeba deki na mkanda wa mama, nikaenda Maili Moja kwa fundi Laurean. Aliifungua, akaipuliza, akaifunga.

"Mama, vipuri vya hizi vimekwisha duniani. Nimeisukumasukuma, itacheza mara moja, mbili. Ikifa, usinitafute." Akanyoosha mkono. "Niachie mkanda. Saa kumi unachukua kwenye flashi."

Nilishautoa mkobani. Ukutani nyuma yake kulikuwa na kioo kinachoonyesha send-off ya watu, kazi ya mteja mwingine, na vijana wawili kwenye benchi wakila mihogo ya kukaanga na kumchambua shangazi wa bibi harusi anavyocheza. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wanatazama kilichowekwa mbele yao. Nikamwona Bi Tatu, aliyelala Masaki sasa chini ya udongo, akiwa kwenye kile kioo. Nikaurudisha mkanda mkobani, nikamlipa Laurean kazi yake, nikaondoka bila kuaga.

Nilimpigia mama mdogo Siwema, anayeishi Chole ya kwetu Kisarawe siku hizi na kuuza korosho.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwali wangu." Bado ananiita hivyo.

Nikamweleza. Nilisikia kuku wake. "Kuhamisha si kuonyesha," akasema mwishowe. "Kiapo ni cha macho. Hamisha, mwanangu, ila ufunge mlango. Tena utaniona nilivyocheza siku ile. Kiuno kilikuwa bado kinanitii."

Nilicheka naye. Sikuyafikiria maneno yake.

Jioni hiyo nilimwambia Hashiru kila kitu: ukuta wa udongo, sharti, kiapo, na ule uongo wa kungoja picha iliyo safi zaidi. Nilisema nikiwa nakuna nazi ili nisimtazame. Nilipomaliza, nikajua sasa kicheko kinakuja.

"Mkanda hauwezi kuwa safi kuliko ulivyorekodiwa," alisema. "Uuweke kwenye DVD, kwenye HD, kwenye chochote, ni ule ule."

"Umejua lini?"

"Tangu ile TV bapa ya kwanza."

"Na miaka yote hii unaniletea habari za mitambo?"

"Ulisema tungoje," akasema. "Nikaona una lako unalolingojea."

Nilimpenda siku ile kuliko siku aliyonioa, na nikaona haya kwa miaka niliyomdhania vibaya. Aliagiza kidubwasha cha kuunganisha deki na kompyuta, akanifundisha kwa mkanda mtupu mpaka nikaweza mwenyewe. Jumamosi aliwapeleka watoto kwa rafiki yake, akarudi, akakaa barazani akinipa mgongo.

Nikabonyeza.

Kioo kikajaa chenga, kisha rangi, kisha ua wetu wa Masaki. Ulikuwa mdogo kuliko ninavyoukumbuka. Na sauti ya mama ikaingia sebuleni kwangu ikiwa karibu mno, kama aliyeketi nyuma ya sikio langu, akianzisha wimbo. Nje nilisikia kiti kikiburuzwa. Hashiru alikuwa ameinuka. Nikasikia ndala zake zikishuka ngazi, zikienda kwenye kokoto mpaka barabarani, ambako sauti haifiki.

Nikamtafuta mama. Nilimwona Bi Tatu akipiga makofi. Nilimwona mama mdogo Siwema akicheza katikati, na kiuno kweli kilikuwa kinamtii. Niliwaona majirani, wengine marehemu, nikawataja mmoja mmoja. Khanga ya manjano haikuwepo. Wimbo wa pili, wa tatu, na sauti yake iko pale pale, juu ya zote, na uso hakuna. Picha ikayumba, mtu akakohoa, na ndipo nikayakumbuka maneno ya mama mdogo. Kama yeye anacheza, nani ameshika kamera?

Uso niliokuwa nauangalia akilini miaka kumi na mitano niliutengeneza mwenyewe. Sikuwahi kuuona kwenye mkanda. Nilikuwa nimeinama.

Niliinama tena pale mkekani, nikalia, na mkanda ukaendelea. Nilitaka kuuzima. Kilichonizuia ni agizo la Hashiru, kwamba nisisimamishe.

Karibu na mwisho mama alinisogelea na kamera. Kwenye kioo kuna msichana mwembamba aliyefunikwa khanga mpaka kwenye paji, kidevu kimegusa kifua. Kamera imesimama mbele yake.

"Inua uso, mwanangu," sauti ya mama ikasema, chini chini, wengine wasisikie. "Kidogo tu."

"Mwache," Bi Tatu akakemea kutoka pembeni. "Mwali hainui uso."

Msichana akazidi kuinama. Picha ikatulia kidogo. Kisha ikaanza kushuka, ikiyumba, nikasikia magoti yake yakilia na pumzi yake ikigonga kamera. Alikuwa anapiga magoti vumbini na mzigo ule begani. Akainamisha kamera mpaka ikaingia chini ya khanga, na kioo kizima kikawa uso wangu. Macho nimeyafumba. Jasho limesimama puani. Picha haikuwa safi, chenga zilikuwa zinapita, lakini ilikaa pale muda mrefu bila kutikisika, mrefu kuliko fundi yeyote wa harusi angeuvumilia.

"Haya," mama akasema. "Nimekuona."

Betri ikaisha.

Nilipotoka, Hashiru alikuwa amesimama kivulini kwa jirani na ndala zimejaa vumbi jekundu. Hakuuliza mpaka nilipofika.

"Imeingia yote?"

"Yote."

"Na mama? Ametoka vizuri?"

"Hakutoka. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika kamera."

Akanishika kiganja tu, pale barabarani, jambo ambalo Mhaya wangu huwa halifanyi mchana.

Nilirudi ndani peke yangu kuzima mitambo. Khanga bado ilikuwa dirishani, na kioo kilikuwa cheusi, kinaonyesha sebule na mwanamke wa miaka arobaini na moja amekaa mkekani, kidevu kifuani. Nikainua uso.