Ukurasa wa Baba

Katibu wa kituo cha utafiti wa uumbaji alikuwa na sheria aliyoitunga mwenyewe: bila cheti halisi mezani, hakuna mstari kitabuni. Kitabu kilikuwa cha wanasayansi wa kituo, kila mmoja na ukurasa wake: kasoma wapi, ana shahada gani, kafanya kazi wapi. Wenzake walimbandika jina la Bi Mhuri. Mtaalamu wa mimea alimnunia wiki nzima, lakini vyeti alileta.

Ulibaki ukurasa mmoja, wa baba yake mzazi, mwanajiolojia aliyekianzisha kituo. Rasimu ilimwita daktari wa jiolojia. Wote walijua chuo kilizuia cheti chake kwa sababu ya imani yake. Mzee sasa alikuwa hoi kitandani, na kitabu kilikuwa kinakwenda kuchapwa kesho.

Bi Mhuri alivuta kigoda kando ya kitanda, akafungua rasimu mapajani.

"Baba, cheti."

"Wakubwa wako wa kazi hawakuniuliza, sembuse wewe niliyekufuta kamasi!"

"Basi nipe barua ya chuo ya kukizuia."

Mzee akageukia ukuta.

"Hakuna barua. Hesabu zangu za umri wa miamba zilikuwa na kosa, sura ya nne ya tasnifu. Msimamizi alinipa miezi sita nirekebishe. Mtu mwema, hakunisema hata kidogo. Niliona haya, nikaondoka. Watu wakajitungia lao, nami nikanyamaza."

Bi Mhuri alifungua kalamu. Wanawe walimwita mzee huyu Babu Daktari.

"Utanivua nguo mbele ya watu, mama?"

"Nitakuvika zilizo zako."

Akaandika, kisha akasoma kwa sauti, bila kumtazama: "Shahada ya uzamili, jiolojia. Alianza udaktari, hakumaliza. Tasnifu ilirudishwa kwa kosa la hesabu. Miaka thelathini na mmoja mpimaji wa miamba, idara ya visima."

Mzee aliinua kidole.

"Thelathini na miwili," alisema. "Mwaka wa kwanza nilifanya kazi kabla ya barua ya ajira."

"Iko wapi barua inayosema hivyo?"

Mzee akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Bintiye akamwinua, akamsugua mgongo.

"Haya, acha thelathini na mmoja," alisema, akanyoosha mkono. "Lete kalamu nitie sahihi."