Viatu vya Studioni

Katika bendi ya jazi ya redio, Zagreb, siku ya mazoezi hapakuwa na makofi. Wimbo ukiwakuna, wapigaji waligonga sakafu kwa viatu. Usipowakuna, waliwasha sigara. Maestro Ozren Petrinec ndiye aliyeijenga na kuiongoza bendi hiyo, tangu enzi wakubwa wa chama cha Kikomunisti walipoiita jazi muziki wa adui, naye akiisikiliza redio ya nje chini ya blanketi. Kila mwaka, wimbo wa bendi kwenye tamasha la nyimbo mjini Opatija ulikuwa wake.

Mwaka huo Tvrtko Mihaljek, kijana mpuliza klarineti aliyefundishwa kutunga na Ozren mwenyewe, akaleta wimbo wake wa kwanza. Walipoumaliza, sakafu ilitikisika.

"Lo! Maestro, huyu umemtoa wapi?" alisema Štef, mpiga ngoma. "Wimbo wako wa jana ulibisha hodi. Huu umeingia tu, ukakaa mezani, ukaitisha mvinyo!"

Wakaangua kicheko. Ozren naye akacheka, meno tu. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki wa mkesha wa Noeli. Nimemnyonyesha, aliwaza, sasa ananing'ata titi.

Opatija ungekwenda wimbo mmoja: wake au wa kijana. Mkurugenzi wa redio angechagua Jumamosi, kwenye matangazo ya moja kwa moja.

Jumamosi wakaanza na wa Ozren. Ukapita salama, kama tramu tupu. Kisha ukaja wa Tvrtko, wimbo wa mbio, treni inayoteremka mlima. Bendi hushika mwendo uleule anaouhesabu kiongozi mwanzoni. Hewani hakuna wa kumbishia. Ozren akainua mkono, akahesabu kivivu:

"Moja... mbili..."

Štef akamkodolea macho. Lakini hesabu ni hesabu. Akapiga.

Ozren akasubiri wimbo ufie njiani. Haukufa. Tarumbeta zilizokuwa zikipayuka zikaanza kulalama. Klarineti ya Tvrtko ikapata nafasi ya kuvuta pumzi, ikalia kama mtu aliyeachwa kituoni na mizigo yake. Nyuma ya kioo cha studio, mkurugenzi alikuwa amevua miwani, anajipangusa macho.

Taa nyekundu ya matangazo ilipozimika, viatu vikalipuka.

"Huo ndio wa Opatija!" mkurugenzi alisema mlangoni.

Tvrtko akamkumbatia mwalimu wake. "Maestro! Kumbe nilikuwa naukimbiza wimbo wangu mwenyewe. Umejuaje?"

Ozren akaanza kukusanya karatasi za noti.

"Huko Opatija asiuongoze mwingine. Bila mkono wako ni kelele tu," Tvrtko akaendelea.

"Kubali basi, Maestro," alisema Štef, akimtazama usoni bila kupepesa. "Au ulikuwa unataka kitu kingine?"

"Nitauongoza."

Viatu vikagonga tena, kwa kishindo ambacho nyimbo zake hazikuwahi kukipata.

Akauongoza Opatija, kisha kila ukumbi walikoalikwa, na kila mahali watu waliuliza jina la mtunzi. Kila mara, mkono ukiwa juu, Ozren alitamani kuuhesabu haraka kupita kiasi, auvunje. Na kila mara sikio lake lilimkatalia.