Kizimba Chekundu

Kazi yangu halmashauri ni kutomwamini mtu. Akaunti ya mfanyabiashara ikifunguliwa kwa simu ngeni, naifuatilia mpaka nijue ni nani. Wenzangu wa kitengo cha mifumo wananiita Bi Mashaka, na sikasiriki, maana mara nyingi nakuwa sahihi.

Ila la mama mdogo Swaumu lilinichoma. Mumewe, Abdulswamad, amefariki, naye yuko ndani Ilala anakaa eda. Mjane wa kwetu akiwa edani haendi sokoni, kwa hiyo kizimba chao cha vitenge Kariakoo kikafungwa. Mkaguzi akikuta kufuli mara kwa mara, kizimba hugeuka chekundu kwenye ramani ya masoko, na bosi wangu, Jacqueline, ameiweka ramani hiyo mtandaoni kila mtu aione. Nilimwambia rangi hiyo inawaelekeza wezi pa kwenda. Akanijibu takwimu za jiji ni mali ya wananchi. Haya, wananchi wakaona.

Juzi nikakuta ombi: mwenye kizimba ameridhia kukiachia kikundi fulani nisichokijua. Mama mdogo, ambaye hata kutuma picha anaomba msaada, ameridhia saa ngapi? Ombi lilithibitishwa kwa tarakimu ambazo mfumo huzituma kwenye simu ya mwenye akaunti, na akaunti ile ya mama mdogo marehemu aliifungua kwa kitochi chake, simu ndogo ya batani. Aliyekishika kitochi ndiye mwizi. Ofisini siruhusiwi kugusa akaunti ya ndugu yangu. Ilibidi mama mdogo mwenyewe aweke pingamizi kabla ya Jumatatu, la sivyo kizimba kimekwenda, na akitoka eda hana pengine pa kupata riziki.

Nilimshuku Haruna, mdogo wake marehemu. Kila Ijumaa analeta matunda na kuuliza kizimba kitafunguliwa lini. Mimi mtu wa kuleta matunda kila wiki namwogopa. Nilimwambia mume wangu, Rajabu, anayeuza kava za simu kwenye fremu ya kupanga Buguruni, mahali ambapo wateja wanapita tu bila kusimama. Akasema, "Hata mimi Haruna simwelewi." Akataka twende wote. Sikumweleza nitakachofanya, mambo ya kazi simwambii mtu.

Tulifika Ijumaa baada ya swala. Haruna alikuwa ameshakaa ukumbini na mapapai yake. Rajabu akavuta kiti cha plastiki, akakaa naye. Mimi nikapita pazia, nikaingia chumbani kwa mama mdogo, maana wanaume hawa hawaruhusiwi kumwona edani.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Kile kitochi cha baba mdogo kiko wapi?"

"Kilikuwa kwenye mfuko wa kanzu. Nguo si tuliwapa waliomwosha, kama ilivyo ada? Sikukumbuka kukitoa."

Aliyesimamia kuosha alikuwa Haruna. Moyo wangu ukatulia kabisa. Mwizi lazima atembee na kitochi, kwani tarakimu nyingine za kukamilisha ombi zinaweza kuingia saa yoyote. Nikachukua simu ya mama mdogo, nikafungua ukurasa wa pingamizi, nikaingiza namba ya kitambulisho chake, nikabonyeza "Tuma" ili tarakimu ziingie kwenye kitochi.

Ukumbini kitu kikatetemeka, kikagonga plastiki. Nikafunua pazia kwa nguvu, maneno yangu yako tayari mdomoni.

Haruna alikuwa anamenya papai, mikono yote miwili imelowa. Mwanga ulikuwa unaonekana kupitia kanzu nyeupe ya mume wangu.

Ndipo nikakumbuka kwamba waliomwosha marehemu walikuwa zaidi ya mmoja, Rajabu akiwemo, na kwamba kanzu nyeupe ya marehemu ndiyo iliyokuja nyumbani kwangu, nikaipiga pasi mwenyewe asubuhi ile. Nilisikia aibu, halafu hasira, halafu nikamwonea Haruna huruma kwa matunda yake yote.

Nikanyoosha mkono. Rajabu akakitoa kitochi, kile kile cha baba mdogo, kilichofungwa raba nyekundu kisifunguke.

"Pale Buguruni nakufa, Zamda," akasema. "Kizimba kilikuwa kimefungwa tu, nikakiomba kwa jina la kikundi. Twende tukaongee nyumbani."

Nilirudi chumbani, nikaingiza tarakimu, nikaweka pingamizi. Likapokelewa. Kisha likaja swali la mwisho, ambalo nililiandika mimi mwenyewe wakati tunautengeneza mfumo: Je, unamfahamu aliyeweka ombi hili? Watu karibu wote hujibu Hapana, hata mwizi akiwa mtoto wao wa kumzaa, na miaka yote nimekuwa nikiwaona waongo.

Mama mdogo alikuwa amesikia kila kitu. Akanishika goti. "Kizimba si kimebaki, mwanangu? Weka Hapana. Nyumba yako nayo uitazame."

Nilikaa na simu ile mpaka kioo kikazima, nikakiwasha tena. Nje ya pazia Haruna alikuwa anamuuliza Rajabu kama atakula papai.

Nikabonyeza Ndiyo. Mfumo ukaniomba jina, nikaandika majina ya mume wangu, yote matatu.